Nimefunga cheni mpya, mbona inaruka kuliko ile ya zamani?

SWALI: Nina baiskeli ya mlimani ya mtumba, gia 24 (tatu mbele, nane nyuma), breki za diski za kuvutwa na waya. Naendesha Lushoto, kila siku kupanda na kushuka. Cheni ilikuwa inapiga kelele, nikanunua mpya na kuifunga mwenyewe. Sasa nikikanyaga kwa nguvu mlimani inaruka, wakati ile ya zamani ilikuwa hairuki kabisa. Fundi mmoja kasema nikaze waya wa gia, mwingine kasema cheni ni feki, wa tatu anataka ninunue seti nzima. Tena nilipuliza mafuta ya kupenyeza kwenye cheni, na tangu hapo breki ya nyuma inalia na haishiki. Nataka kazi hizi nizifanye nyumbani. Nianzie wapi?

JIBU: Cheni yako huenda haina kosa lolote. Ya zamani ilitulia, mpya inaruka, tena inaruka pale tu unapokanyaga kwa nguvu: karibu kila mara hiyo ni dalili ya sproketi za nyuma (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni) zilizolika. Fundi wa tatu yuko karibu na ukweli kuliko wenzake, ila kununua seti nzima kabla ya kupima ni kutupa hela. Kupima ni kazi ya dakika tano na futi ya seremala.

Kabla ya hapo, hakikisha ni kuruka kwa namna gani, maana vijiweni yote huitwa "gia zinaruka" na yote hutibiwa kwa kukaza waya. Cheni ikipanda juu ya jino na kudondoka tena kwenye sproketi ileile, pedali ikakudondokea chini ya mguu, hapo ni ulikaji. Ikihama kwenda sproketi ya jirani na kurudi, hapo ni waya, ganda la waya, au mkono wa gia (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni) uliopinda. Mstuko mdogo unaorudi kwa mpangilio, kila baada ya mizunguko mitatu hadi mitano ya pedali, ni kiungo kimoja kigumu kwenye cheni, na mara nyingi ni palepale ulipoiungia. Kishike kwa vidole vya mikono yote miwili, kipinde taratibu kulia na kushoto mpaka kilegee. Na kama pedali, cheni na sproketi vinasogea pamoja lakini gurudumu halivutwi, achana na cheni: vikucha vilivyomo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) havishiki.

Jaribu gia zote nane kwenye mteremko wa wastani ukipanda, ukiwa umekaa kitini. Usisimame kwenye pedali, kwa sababu cheni ikiruka umesimama utajigonga vibaya kwenye bomba la fremu. Andika zinazoruka. Sproketi zilizolika huwa ni mbili tatu zile unazozitumia sana, huku kubwa kabisa ikiwa salama. Waya uliolegea husumbua gia nyingi kwa mfululizo.

Sasa sababu. Cheni hairefuki kwa chuma kuvutika. Kila kiungo kinapokunja, pini inazunguka ndani ya tundu lake, na lile vumbi jekundu likishachanganyika na mafuta linakuwa msasa. Kiungo kimoja kikilegea kwa sehemu ya kumi ya milimita hutaona kitu, lakini jumlisha viungo 24 upate zaidi ya milimita 2. Cheni iliyorefuka namna hiyo haikai tena chini kwenye bonde la jino, inakaa juu, na inalichonga jino lifuate mwachano wake (umbali wa pini hadi pini). Cheni na sproketi zinachakaa pamoja na zinaelewana, ndiyo maana ya zamani haikuruka. Ukileta cheni mpya yenye mwachano sahihi wa milimita 12.7, yaani nusu inchi, haikai sawa kwenye meno yale. Mzigo wote unaangukia jino moja au mawili, roli (kile kigurudumu kidogo kinachozunguka pini) inapanda mteremko wa jino, na inaruka.

Chukua futi ya chuma yenye inchi. Usianzie kwenye ncha, kwa sababu kile kindoano cha mbele kimetengenezwa kicheze kidogo; anzia kwenye alama ya inchi 1. Cheni ikiwa imevutwa imenyooka, weka alama hiyo katikati ya pini yoyote, kisha hesabu pini 24 kwenda mbele. Kwenye cheni mpya pini ya 24 iko kwenye inchi 13 kamili, yaani milimita 304.8 kutoka ulipoanzia. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi (kama milimita 1.6), cheni imefika wakati wa kubadilishwa na sproketi bado zinaokoka. Ikizidi kwa moja ya nane (milimita 3.2), sproketi za nyuma zimeshachongwa, na huenda ile ya kati ya mbele nayo. Ipime cheni yako ya zamani kwa njia hiyo, na naomba uwe hujaitupa.

Nasema hivyo kwa sababu kuna njia ya bei nafuu ambayo mwenye duka hatakutajia. Kama ya zamani imepita hiyo moja ya nane, na ilikuwa inakupeleka na kukurudisha bila kuruka, irudishe. Iendeshe pamoja na sproketi zake chakavu mpaka zianze kuruka zenyewe, na hiyo inaweza kuwa miezi. Cheni mpya ioshe, ipake mafuta, ifunge kwenye mfuko, ingoje siku utakapopata sproketi mpya. Kuendelea kupanda na cheni mpya juu ya meno yaliyolika ndiyo hasara kubwa: hayatarekebika, na yatakuharibia cheni kabla ya wakati wake.

Kama ya zamani haijafika hata moja ya kumi na sita, basi angalia ulichonunua. Cheni ya baiskeli isiyo na gia ina upana wa ndani wa moja ya nane ya inchi. Ya gia nane ni tatu ya thelathini na mbili, nyembamba zaidi. Ya kwanza ndiyo inayojaa madukani, na ukiifunga kwenye gia nane inagusa sproketi za jirani na kubadili gia ovyo. Omba cheni ya "spidi 6, 7, 8". Hizo tatu zinatumia cheni moja.

Kabla ya kununua sproketi, jua unayo kaseti au friwili, kwa sababu hazibadilishani. Toa gurudumu la nyuma, zungusha sproketi kinyume na uangalie yale meno madogo ya ndani, karibu na ekseli, ambapo kifaa cha kufungulia kinaingia. Yakizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti, yaani fungu la sproketi linalovaa juu ya habu na kubanwa kwa nati. Yakibaki yametulia, ni friwili, inayofungwa kwa hesi moja kwa moja kwenye habu. Gia nane mara nyingi ni kaseti, lakini baiskeli za bei ya chini huja na friwili ya nane, kwa hiyo usibuni. Soma pia namba zilizochapwa kwenye sproketi ndogo na kubwa, tuseme 11T na 32T (yaani meno 11 na 32), ununue zilezile. Ukiongeza meno kwenye ile kubwa, mkono wa gia unaweza usifike.

Kwa kaseti unahitaji soketi yake yenye meno, spana malaya kubwa, na kishika sproketi. Cha mwisho tengeneza mwenyewe: kata sentimita 35 za cheni chakavu, ifunge kwa bolti mbili kwenye ncha ya flatibaa ya urefu kama huo, na kazi imekwisha. Simamisha gurudumu, sproketi zikiwa upande wako. Zungushia kipande cha cheni kwenye sproketi mojawapo kubwa, flatibaa ikielekea kulia kwako. Spana iliyoshika soketi ielekee kushoto. Sukuma zote mbili chini kwa pamoja. Utasikia mkwaruzo mkali nati inapoachia. Usistuke, nati hiyo ina vijino vya kuizuia isifunguke yenyewe. Vuta kaseti itoke, na kama sproketi ndogo ni mojamoja zenye washa kati yake, zipange mezani kwa mfuatano uleule zilivyotoka. Futa mwili wa habu, paka grisi kidogo sana, ingiza mpya ukitafuta mfereji mmoja ambao ni mwembamba kuliko mingine. Ndio unaoamua mkao. Nati inakazwa kwa Nm 40. Kama huna spana ya kupima, hiyo ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 16 kwenye ncha ya mpini wa sentimita 25. Ukishaifunga, shika sproketi kubwa uitikise: isicheze hata kidogo.

Friwili ni ngumu zaidi, kwa sababu kila ulipokanyaga pedali ulikuwa unaikaza. Bana kitoa friwili kwenye jiriwa, laza gurudumu juu yake, shika tairi pande mbili kama usukani na uzungushe kinyume cha saa. Kifaa kikitaka kuteleza, kizuie kwa kupitisha ekseli ya kufungua haraka na nati yake, lakini legeza nati hiyo mara tu friwili inapoanza kusogea, la sivyo utaivunja. Ukifunga mpya, hesi ipake grisi ya kutosha. Atakayeifungua baadaye ni wewe mwenyewe.

Sproketi za mbele ziangalie kwa jicho. Meno yaliyolala upande mmoja kama pezi la papa yamekwisha, na kwenye baiskeli ya tatu mbele huwa ni ile ya kati. Kama cheni mpya inanasa chini ya sproketi ya mbele na kubebwa juu badala ya kuachia, hiyo pia ibadilishwe. Vinginevyo iache.

Urefu wa cheni ni mahali ambapo wengi huharibu. Cheni mpya huja na viungo 114 au 116 na lazima ikatwe. Ipitishe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, ikaze, kisha ongeza viungo viwili, yaani inchi moja. Ikiwa fupi kuliko hapo, siku utakapoingiza kubwa kwa kubwa itang'oa mkono wa gia. Iunge kwa loki ya cheni (kiungo maalumu cha kuungia) iliyoandikwa spidi 8, na loki ya aina hiyo unaweza kuifungua na kuitumia tena. Kurudishia pini ya zamani kwa nyundo ni kazi ya cheni pana za baiskeli za mizigo. Kwenye cheni hizi kichwa cha pini kinakuwa kimeshakatika, na kiungo kitafunguka ukiwa mlimani.

Baada ya hapo gia lazima zipangwe upya, na hapa mfuatano ni muhimu kuliko ustadi. Pindua baiskeli au itundike. Anza kwa kulegeza bolti inayobana waya kwenye mkono wa gia, waya uwe huru kabisa, cheni ikae kwenye sproketi ndogo. Simama nyuma ya baiskeli. Kigurudumu cha juu cha mkono wa gia kiwe wima chini ya ukingo wa nje wa sproketi ndogo. Kama hakiko hapo, zungusha skrubu yenye herufi H. Kisha sukuma mkono kwa kidole huku ukizungusha pedali mpaka cheni ipande sproketi kubwa, na urekebishe skrubu ya L ili kigurudumu kiishie sawasawa chini yake. Usiache L imelegea. Cheni ikivuka sproketi kubwa inaingia kwenye spoku, na unaondoka na mkono wa gia, spoku kadhaa, na pengine mkono wako mwenyewe.

Sasa rudisha cheni kwenye ndogo, rudisha swichi ya usukani kwenye namba ya mwisho, vuta waya kwa koleo usiwe na ulegevu, kaza bolti. Bonyeza gia moja. Cheni ikichelewa kupanda kwenye sproketi ya pili, zungusha nati ya kurekebishia waya nusu mzunguko kinyume cha saa. Hiyo inakaza waya. Ikichelewa kushuka, izungushe kwa kufuata saa. Endelea kwa robo robo. Skrubu ya tatu, ya nyuma ya mkono, inaweka nafasi kati ya kigurudumu cha juu na sproketi kubwa: milimita 5 hadi 6 zinatosha.

Ukizungusha nati mpaka mwisho na gia bado hazikai, acha kuzungusha. Gia zikipanda vizuri na kushuka kwa uvivu, karibu daima ni msuguano ndani ya ganda la waya, hasa kile kipande cha mwisho kinachojikunja nyuma, kinachonywa matope masika nzima. Ng'oa waya, uvute kwa mkono ndani ya ganda; ukikwaruza, badilisha vyote viwili. Waya wa gia ni wa milimita 1.2, ganda lake milimita 4. Ganda la breki ni milimita 5, na lina chuma kilichozungushwa kama springi. La gia lina nyuzi zilizonyooka. Usiweke la gia kwenye breki hata kwa siku moja, maana nguvu ya breki hulipasua na breki inapotea ghafla. Ukikata ganda, zibua mdomo wake kwa ncha ya msumari, na usisahau vifuniko vya ncha.

Sababu ya pili ni sikio la fremu linaloshika mkono wa gia. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, ndilo linalopinda. Ukitazama kwa nyuma, vile vigurudumu viwili vidogo viwe kwenye mstari mmoja na sproketi. Vikiinama kuelekea spoku, limepinda. Kulinyoosha kunataka kifaa cha kupimia, na la alumini linaweza kukatika mkononi, kwa hiyo hii mpe fundi mwenye kifaa. Ukinunua jipya, nenda na la zamani mkononi. Yapo ya maumbo chungu nzima na hayaingiliani.

Sasa ile breki. Mafuta ya kupuliza yalirukia diski, pedi zikayanywa. Tenga gurudumu, futa diski kwa alkoholi safi na kitambaa kisichowahi kugusa mafuta, pande zote mbili, mara mbili. Angalia lebo, kwa sababu spiriti nyingine za kupaka ngozi zina mafuta ndani na zitaongeza tatizo. Toa pedi, zisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka ule mng'ao uondoke. Bado zikilia na kuteleza, mafuta yameingia ndani na hakuna dawa; usihangaike kuzichoma kwenye jiko, nunua mpya. Zibadilishe pia kama unene wa kile kinachosugua, bila bamba la chuma, umebaki nusu milimita. Diski yenyewe huwa imechapwa kipimo cha chini, mara nyingi milimita 1.5.

Breki za waya mara nyingi husukuma pedi moja tu, ya nje. Ile ya ndani imesimama. Kwa hiyo kaza skrubu ya pedi ya ndani mpaka iguse diski, irudishe kidogo tu hadi mkwaruzo uishe, ndipo urekebishe waya. Diski ikipindishwa sana na pedi ya nje kila unapobana, ujue ya ndani iko mbali mno. Pedi mpya hazishiki siku ya kwanza. Tafuta mahali pa tambarare, kimbia kiasi, bana mpaka karibu usimame bila kufunga gurudumu, rudia mara 15 hadi 20. Usiteremke barabara ya Soni kabla ya hapo, na usiguse diski iliyotoka kuteremka.

Mafuta ya kupuliza hayana nafasi kwenye cheni hata hivyo, kwa sababu ni mepesi mno na yanaosha mafuta yaliyokuwemo. Osha cheni kwa mafuta ya taa ndani ya chupa ya maji: robo lita, tikisa, mwaga kwenye chombo, rudia mpaka yatoke safi kiasi. Petroli iache. Ianike ikauke kabisa, kisha weka tone moja kwa kila roli, upande wa ndani wa cheni, zungusha pedali kinyume, iache usiku kucha, na asubuhi ifute kwa nje mpaka kitambaa kisichafuke sana. Kufuta huku ndiko watu wanakoruka, na ndiko kunakozuia vumbi kushika. Kama huna mafuta maalumu ya cheni, kiangazi mafuta ya cherehani yanafaa ukiyarudia kila baada ya siku chache. Masika, oili mpya ya injini inakaa zaidi ila inataka kufutwa sana. Oili chafu iliyotoka kwenye gari ina unga wa chuma ndani yake, hata kama ni ya bure.

Vifaa vya kuanzia navyo si vingi: spana za pembe sita za milimita 4, 5, 6 na 8, bisibisi ya nyota, spana ya 15 kwa pedali, kitoa pini cha cheni, koleo kali la kukatia waya, na vile vya kaseti nilivyotaja. Pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume: inafunguka kwa kufuata saa. Kunyoosha rimu na kufungua shokapu za mbele mwachie fundi kwa sasa. Akiba ya nyumbani iwe loki mbili za cheni, waya mmoja wa gia, mmoja wa breki, pedi jozi moja. Na futi itoe kila mwezi uipime cheni, kwa sababu ukiibadilisha ikifika ile moja ya kumi na sita, kaseti moja inaweza kukulia cheni mbili hadi tatu.